Chini ya Reli

Mvua ya Aprili ilianza Jumanne usiku, na kufikia Jumapili treni yangu ilikuwa imeanguka mara kumi na moja, zote mahali pale pale. Inatoka kwenye kona vizuri, inapita kituo cha karatasi, halafu ikifika karibu na ukuta wa dirisha gurudumu la mbele linapanda reli na mabehewa yanalala ubavu. Nilisafisha reli. Nilipima upana kwa rula. Nilimlaumu Mswisi aliyetengeneza kile kichwa chekundu cha treni, ambacho binamu yangu alininunulia mitumba huko Zürich akaniletea ndani ya soksi.

Guka alikuwa ameketi kwenye kitanda changu, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Alikuwa amekuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alisema asirudi Limuru kabla ya wiki tatu. Kwa hivyo kwa wiki tatu tuliishi wawili kwenye bedsitter ya Zimmerman: mimi, mzee wa miaka themanini na kitu, na reli iliyochukua nusu ya chumba. Hakuwa anaona vizuri lakini alikuwa anasikia. Ilipoanguka mara ya kumi na mbili akasema, "Reli haina makosa. Nishike mkono."

Nikampeleka. Hakugusa treni hata kidogo, jambo ambalo liliniuma kidogo kusema kweli. Aliingiza vidole chini ya reli, akabonyeza, akateleza hadi kwenye ukingo wa ubao, akasimama hapo.

"Hii imevimba kama mkate kwenye chai. Ni mbao gani?"

"Sio mbao, Guka. Ni MDF."

"Ni nini hiyo?"

"Ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi."

Alicheka mpaka nikaogopa bandeji itatoka. "Kijana, umejenga reli juu ya uji."

Guka alifanya kazi ya gengi. Kama umezaliwa juzi na unajua treni kwa ile ya Syokimau pekee, wacha nieleze. Gengi ni kikundi cha wanaume waliopewa kipande cha reli wakitunze, na nyapara wao, na troli ya kusukuma. Kipande cha Guka kilikuwa maili nne, upande wa juu wa Bonde la Ufa, ambako reli inatoka Limuru na kuanza kutafuta njia ya kushuka. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia chini. Treni ni ya dereva, reli na mataruma ni ya wakubwa, lakini kile kilicho chini ya mataruma ni cha gengi.

Kwa vipimo vyangu vya HO, yaani 1 kwa 87, maili nne za Guka zingehitaji ubao wa mita 74. Mimi nilikuwa na mita 2.4, ambayo ni kama mita 209 za reli halisi. Na hata hizo 209 nilikuwa nimeziharibu.

Nilipoanza hobi hii nilifikiri ni mambo ya treni. Kumbe watu walioifanya kwa miaka mingi hubishana sana kuhusu kitu ambacho hakionekani kwenye picha, yaani ubao ule wa chini. Na ubishi huo una historia yake. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipoonyesha reli zake za bati kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, hakukuwa na ubao wowote. Reli ziliwekwa kwenye zulia, mtoto akacheza, jioni mama akazikusanya. Frank Hornby wa Liverpool alipoanza kuuza treni zake mwaka 1920 ilikuwa bado ni hivyo. Sakafu ndiyo ilikuwa nchi. Ubao ulikuja pale watu wazima walipoamua kwamba hawataki kukusanya tena jioni. Wanataka mlima ukae pale pale, mto ukae pale pale, na kesho yake waukute.

Sasa, ubao gani? Marekani jibu lilitoka mahali nisipotarajia. Mwaka 1909, huko Trenton, New Jersey, kulianzishwa kiwanda kilichogeuza karatasi chakavu kuwa mbao laini za kijivu. Mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kutengeneza dari za mabehewa ya treni. Bidhaa hiyo baadaye ikaitwa Homasote, na wapenda reli ndogo wakaigeuza juu chini: kitu kilichokuwa dari ya behewa kikawa ardhi ya reli. Waliipenda kwa sababu mbili. Kwanza ni laini, na enzi hizo watu walipigilia reli kwa mkono, kimsumari kimoja kimoja kidogo kama punje ya mtama. Plaiwudi ingekataa, Homasote ilikubali na kushika. Pili inameza sauti. Treni ndogo juu ya ubao mgumu hulia kama mtu anaburuta kiti kanisani.

Halafu kulikuwa na Linn Westcott, mhariri wa jarida la Model Railroader, ambaye miaka ya 1960 aliwaambia wasomaji wake waache kuweka reli juu ya meza tambarare kama sahani ya wali. Alifundisha kuunda fremu ya mbao mbili zilizogandishwa kwa umbo la herufi L, juu yake vipande vya mbao vinavyoweza kupanda na kushuka, ili nchi iwe na mabonde chini ya reli, si milima tu juu yake. Hebu fikiria hilo kidogo. Nchi ya kweli haijakaa chini ya reli kama meza. Kuna mahali reli inakuta shimo na mahali inakuta jiwe. John Allen wa Monterey, California, alilielewa hilo kuliko wote. Reli yake iliyoitwa Gorre & Daphetid ilikuwa na milima kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ya plasta juu ya wavu wa waya. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza karibu kila kitu. Nikiangalia picha zake huwa nashindwa kuangalia treni. Naangalia madaraja na kujiuliza yameshikwa na nini.

Mimi sikujua lolote kati ya haya niliponunua MDF. Niliinunua kwa sababu ilikuwa laini kama kioo, bei nzuri, na msee wa duka aliniambia "hii haiwezi kukupinda." Hakudanganya kabisa. MDF haipindi haraka ikiwa kavu. Lakini ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushinikizwa, na ukingo wake ukikatwa unabaki wazi kama sponji. Chumba changu kiko chini, dirisha linavuja, na mimi nilikuwa nimeweka ukingo mbichi sentimita tano kutoka kwenye ule ukuta. Ubao ulikunywa mvua siku tano, ukanenepa upande mmoja tu. Milimita mbili hivi. Kwa 1 kwa 87 hiyo ni sentimita 17 za tuta lililoinuka usiku mmoja.

"Sentimita kumi na saba," nilimwambia Guka.

Hakucheka sasa. "Treni inaanguka kwa chini ya hiyo," akasema.

Tulikaa na hilo jioni yote, stima ikapotea, na ndipo nikaanza kumwuliza maswali ambayo nadhani familia yetu haikuwahi kumwuliza. Tunajua Guka alikuwa relwe. Tunajua alikuwa na koti. Hatukujua alikuwa anafanya nini hasa.

Kwanza alinisahihisha kuhusu kokoto. Mimi nilidhani zile kokoto za relini ni za kushikilia mataruma yasitembee, na labda za urembo. Hiyo ni nusu. Kokoto ni za uzito na za maji. Treni ikipita, uzito unatoka kwenye gurudumu hadi kwenye reli, reli inaugawia mataruma, taruma linazigawia kokoto, na kokoto zinautawanya mpaka udongo wa chini unapata kidogo kidogo, kama mzigo uliogawanywa kwa ndugu wengi. Na kwa kuwa kokoto zina pembe na nafasi katikati, maji yanapita yakaenda zake. Zikijaa tope, mambo yanageuka. Taruma linapanda na kushuka kila gurudumu likipita, linanyonya tope la chini na kulitema juu. "Ukiona kokoto nyeupe zimekuwa na mdomo wa tope," alisema, "hapo chini kuna kidonda."

Basi kazi ya gengi ilikuwa kuinua reli kwa jeki, kuondoa uchafu, na kushindilia kokoto chini ya taruma kwa sululu yenye kichwa bapa, wanaume wanne, wawili kila upande, wakipiga kwa wimbo. Taruma lililoshindiliwa vizuri lina sauti yake. Lililo tupu lina sauti nyingine. Guka anasema angeweza kutembea usiku bila taa na kuyajua yale matupu kwa fimbo tu.

Mataruma yenyewe yalikuwa ya chuma, na hii ni historia ambayo ningependa tufundishwe shuleni badala ya simba wa Tsavo kila mwaka. Simba nawajua. Waliwala watu mwaka 1898, na Hollywood imelipwa. Lakini adui aliyeamua umbo la reli yetu alikuwa mdogo zaidi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ingewekwa juu ya mbao kama huko Uingereza, mchwa wangefanya karamu kutoka pwani hadi ziwani. Kwa hivyo zikaletwa kwa meli sahani za chuma zilizokunjwa kama bakuli refu lililogeuzwa, na reli ya upana wa mita 1 ikafungwa juu yake. Ndiyo maana nilitafuta treni ya Uswisi, by the way. Reli za milimani kule Graubünden nazo ni za mita 1, na wanaotengeneza mifano yake hutumia reli ndogo ya milimita 12. Kichwa changu chekundu hakijawahi kuona Bonde la Ufa, lakini miguu yake ni ya kwetu.

Vitabu vingi kuhusu ile reli vinahesabu vitu vilivyo juu: wafanyakazi takriban 32,000 walioletwa kutoka India, karibu 2,500 kati yao waliokufa, mamilioni ya pauni, Waingereza wakitukanana bungeni. Ukisoma ukiwa umekaa na mtu wa gengi unaanza kuona hesabu nyingine. Mwisho wa 1896 mvua kubwa za pwani ziliwapiga walipokuwa hawajaenda mbali, na matuta mapya yakasombwa. Tuta jipya ni udongo uliomwagwa tu. Halijakaa, halijakanyagwa, halijaota nyasi. Wakajenga tena. Mbele kwenye nyika ya Taru shida ikawa kinyume, hakuna maji hata ya kunywa. Walipotaka kwenda haraka walipitisha reli ya muda pembeni, wakaiweka juu ya ardhi vile ilivyo, na kuacha kazi ya kweli ya tuta na daraja ifuate nyuma. Hiyo ndiyo reli mtu anaweka sebuleni Jumamosi moja kabla hajanunua ubao.

Tarehe 30 Mei 1899 wakafika mahali ambapo Wamaasai walipaita pa maji baridi. Panapendeza kwa fundi wa reli: ni tambarare, kuna mto, na ni mahali pa mwisho pa kupanga mabehewa mengi kabla ya mwinuko. Basi wakaweka karakana, na makao makuu, na mahema, na soko. Tatizo ni kwamba tambarare lile lilikuwa tambarare kwa sababu maji yalikuwa yakikaa hapo. Ardhi yake ni ule udongo mweusi ambao mafundi wa Nairobi mpaka leo huuita blakikotoni: mvua ikinyesha unavimba na kunata, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mwaka 1902 tauni ikazuka kwenye soko la Wahindi, na soko likachomwa moto. Wapo maofisa walioshauri mji uhamishwe kwenye miinuko. Haukuhamishwa, kwa sababu karakana ilikuwa imeshajengwa. Ukiwahi kuona nyumba ya Eastlands yenye ufa unaofunguka kila kiangazi na kufungika kila masika, hiyo ni barua kutoka 1899. Tunaishi kwenye MDF.

Nilimwambia Guka hivyo nikidhani nimesema kitu cha maana. Akaniuliza kama chai imebaki.

Kutoka hapo ilibidi washuke Bonde la Ufa, na njia ya kudumu ilikuwa bado inachongwa. Badala ya kungoja, waliteremsha vifaa kwa kamba za chuma moja kwa moja kwenye mteremko, na kwenye sehemu kali zaidi behewa zima lilipanda juu ya jukwaa lenye magurudumu, kama mtoto mgongoni. Ng'ambo, kwenye miteremko ya Mau, walihitaji madaraja marefu 27, na yakanunuliwa Marekani kutoka American Bridge Company. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagusa ziwa. Watu wa picha wakapiga picha. Halafu ikabaki kazi ambayo haina tarehe ya kumalizika, na miaka sitini baadaye kipande chake cha maili nne akakabidhiwa gengi la Guka.

Kulipokucha Jumatatu tukaanza kutafuta ubao upya.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Gikomba, huku Guka akiwa kwenye simu kama injinia mkuu. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi wenzetu wa Marekani wamehamia foamu, ile ngumu ya buluu au pinki. Foamu hiyo kampuni ya Dow ilianza kuitengeneza miaka ya 1940, na mwaka 1942 walinzi wa pwani wa Marekani waliikubali kwa mashua za kuokolea watu, kwa sababu hainywi maji. Nyepesi, unaichonga bonde kwa kisu, haivimbi. Kwa bedsitter yenye dirisha linalovuja ingekuwa dawa. Lakini nilichopata mtaani ni nyeupe, ile ya punje inayokuja na friji. Ukiikata inamwaga theluji chumba kizima, ukibonyeza inabaki na alama ya kidole, na ukiipaka gundi ya viatu inayeyuka mbele ya macho yako na kuacha shimo. Najua kwa sababu nilijaribu kipande. Pia inalia. Treni juu yake inasikika kama ngoma ya debe, na mtu wa nyumba ya pili tayari hanipendi.

Mbao za kawaida? Saiprasi nzuri, iliyokaa ikakauka. Shida yake ni kwamba mbao ina upande: inavimba na kusinyaa kwa upana wake na si kwa urefu, kwa hivyo ubao mpana mmoja utajikunja kama kigae. Plaiwudi iliundwa kwa ajili ya ugomvi huo. Karatasi za mti zinagandishwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa imegeuzwa ili nyuzi zake zivuke za mwenzake. Hii ikitaka kuvimba huku, ile inaikataza. Fundi mmoja, mzee mwenye penseli sikioni, alinionyesha jinsi ya kuchagua: usiangalie uso, angalia ubavu. Hesabu karatasi. Kama kuna pengo katikati, hapo ndipo itabomoka. Kwa unene ule ule, yenye karatasi nyingi nyembamba inashinda yenye chache nene.

"Unatengeneza meza?" akaniuliza.

"Reli."

Akanitazama. "Ya kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu zuri.

Niliporudi nilikuwa na plaiwudi ya milimita 9, saiprasi za inchi 2 kwa 1 za fremu, na shiti moja ya softbodi, ile ya dari na mbao za matangazo, ambayo ndiyo binamu wa karibu wa Homasote tunayepata hapa. Mpango ulikuwa fremu chini, plaiwudi juu yake, softbodi juu ya plaiwudi kwa ajili ya sauti na pini. Nilimwekea Guka kila kipande mapajani akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakipinda, akakinusa. Softbodi aliishika muda mrefu.

"Hii ni chakula cha mchwa."

"Tuko ghorofa ya mawe, Guka."

"Na hii inakunywa maji kuliko ile uliyotupa."

Alikuwa sahihi, na nilianza kubishana vile mtu hubishana akijua amekosea. Nikasema nitaipaka rangi ya mafuta pande zote, na ukingo mara tatu. Nikasema nitasogeza meza sentimita thelathini kutoka ukutani. Nikasema nitaziba dirisha kwa silikoni. Alisikiliza yote. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anauliza jambo lingine kabisa:

"Sawa. Na maji yakiingia, yanaenda wapi?"

Nikasema hayataingia.

Ndipo akanieleza kuhusu Novemba 1961. Zile mvua watu wa umri wake huziita mafuriko ya Uhuru, zilizonyesha kana kwamba mtu amesahau kufunga mfereji. Alikuwa na miezi michache kazini, kijana wa miaka ishirini. Zamu yake ilikuwa kutembea kipande asubuhi na nyundo, akigonga funguo za chuma zinazoshika reli, akitafuta zilizolegea. Kulikuwa na ukungu. Mahali fulani, baada ya kona, aliona kokoto zimelowa. Mvua ilikuwa imeacha saa nyingi na kokoto nyingine zote zilikuwa zimeanza kukauka, lakini kwa hatua kama tano hivi zilikuwa zinang'aa, na hakukuwa na mto hapo, wala mfereji. Alisimama. Aligonga reli, sauti ilikuwa nzuri. Aligonga taruma, sauti nzuri. Akaona haya kwenda kumwambia nyapara kwamba ameona mawe yenye maji siku ya mvua.

Jioni tuta likaondoka. Halikuporomoka kwa kishindo, alisema. Lilikaa chini kama mtu aliyechoka. Hakukuwa na treni. Kulikuwa na troli ya gengi, na juu ya troli alikuwa nyapara akirudi nyumbani. Reli ilikuwa bado ipo, imening'inia hewani pamoja na mataruma yake kama ngazi, na kwa giza lile nyapara hakuona kwamba chini hakuna kitu. Hakufa. Mguu haukurudi sawa, na aliacha kazi mwaka uliofuata. Alikuwa akipita na gongo lake sokoni Limuru mpaka miaka ya themanini, na kila mara alimsalimia Guka kwa furaha, akamwulizia watoto.

"Ulimwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini?"

"Kuhusu zile kokoto."

Alikaa kimya. Jicho lake lililo wazi lilikuwa linatazama upande wa reli yangu, ingawa najua hakuona zaidi ya kivuli. "Nilimwambia mke wake," akasema. "Siku ya mazishi. Akaniambia yeye alijua."

Sikujua niulize nini baada ya hapo. Alijuaje? Nyapara mwenyewe alikuwa amejua? Guka alirudi kwenye softbodi iliyokuwa mapajani mwake na kuanza kuifuta vumbi.

Tulijenga siku tisa. Fremu ya saiprasi ikiwa na vyumba vya wazi ili hewa ipite chini. Plaiwudi, ambayo sikuipigilia nzima kama meza. Niliikata kwa msumeno kufuata njia ya reli, nikainua sehemu ya reli kwa vipande vya mbao na kuacha pembeni pashuke kuwa bonde, vile Westcott na wenzake walivyofundisha. Softbodi iliyopakwa rangi mpaka ikasahau ilikuwa karatasi, na si kote, ukanda mwembamba tu chini ya reli. Kokoto ni vumbi la machimbo, ambalo mwenye tipa alinipa mfuko mmoja bure. Guka alilichuja kwa chujio langu la chai, ambalo sasa ni la reli, akisugua punje kati ya kidole gumba na cha shahada na kutupa zilizo mviringo. "Za mviringo zinateleza," alisema. "Kokoto lazima iwe na hasira." Tuliimwagia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwa bomba la sindano la duka la dawa.

Mahali baada ya kona aliniambia nitoboe shimo chini ya tuta, kutoka upande wa mlima hadi upande wa bonde, na niingize mrija. Nilimweleza kwamba hakuna mvua kwenye reli ya sebuleni. Akasema anajua.

Siku ya kutoa bandeji alirudi kutoka kliniki akaingia ndani bila kunishika mkono. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kweli, na niliogopa, maana mabehewa yangu ni ya Uswisi, miti yangu ni ya sifongo, na kituo kimeandikwa Limuru kwa kalamu ya wino. Nikawasha. Kile kichwa chekundu kikatoka kwenye kona, kikapita kituo, kikafika karibu na ukuta wa dirisha, kikapita. Sauti ilikuwa ya chini, ya kavu. Guka alikuwa amefumba macho yote mawili.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Ikapita tena.

Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa nyasi za bandia, akaitafuta ile kona, akachungulia mrija wangu kwa jicho jipya.

"Huu ni mmoja," akasema. "Weka miwili."

Nikaenda kutafuta drili.